Unaenda nyumbani Tukuyu? Jinsi ya kupiga picha za kwenu na za wazee kwa simu hiyohiyo uliyonayo

Kila ikikaribia Desemba, safari za kwenda kwetu Tukuyu mkoani Mbeya, wadogo zangu na watoto wa shangazi wanaanza maswali yaleyale. Kaka, simu gani inapiga picha nzuri. Kaka, mbona bibi ametoka mweusi tii hafu nyuma kote kweupe. Kaka, nimepiga mlima Rungwe lakini unaonekana kama kichuguu. Nikimjibu huyu leo kesho anakuja mwingine na lilelile, kwahiyo naandika mara moja hapa na atakayeuliza namtumia hii.

Kwanza niseme kwanini hili jambo nalichukulia kwa uzito. Babu yangu mzaa baba alipofariki watu walijaa kwenye kilio, na sisi tukaanza kutafuta picha ya kuweka pembeni ya jeneza. Watoto wake saba, wajukuu tumezidi thelathini, karibu wote tuna simu. Picha zetu wenyewe zilikuwa maelfu, ya babu peke yake anaonekana uso vizuri hata moja hakuna. Ikabidi tuchukue kadi yake ya kupigia kura, tukaipiga picha, tukapeleka mjini wakaikuza. Imetoka na vidoti vidoti, jicho moja limefifia, na mng'ao wa plastiki ya kadi umepita kwenye paji la uso. Ndo iko ukutani mpaka leo. Na babu alikuwa mtu wa kucheka, anacheka mpaka anashika mbavu, lakini kwenye iyo picha hacheki.

Basi tuanze.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujapanda kosta

Simu. Yoyote yenye kamera inayoona. Picha ya saizi ya postikadi, ile tunayoweka kwenye albamu, inahitaji kama megapikseli 2 tu ili itoke safi, na ya A4 ya kutundika ukutani kama 9. Simu nyingi za watu saivi zinapita hapo. Kwahiyo usisubiri ununue simu mpya, mana bibi hasubiri.

Nafasi kwenye simu, angalau GB 4 ziwe wazi. Futa video za kwenye magrupu kabla ya safari, usije ukaanza kufuta ukiwa umesimama mbele ya mzee anakusubiri.

Pawabanki iliyojaa. Mvua ikishika kule, umeme nao unaweza kukatika.

Kitambaa laini, kipande cha fulana ya zamani ya pamba kinatosha. Na koti lenye mfuko wa ndani, Tukuyu ni moja ya sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote Tanzania na haikupi taarifa.

Daftari na kalamu. Wengi wanaliacha hili, utaona huko chini kwanini nalisisitiza.

Na muda. Ukifika Jumamosi jioni unaondoka Jumapili mchana utapata selfi na picha za mlangoni tu. Kaa siku mbili tatu.

Hatua zenyewe

1. Salimia kwanza, simu ibaki mfukoni

Hii sio adabu tu, inaonekana mpaka kwenye picha. Mzee uliyemuelekezea simu kabla hujamsalimia vizuri anakaza uso, na ule uso hautoki tena siku nzima. Kaa chini, salimia kwa lugha ya nyumbani hata kama Kinyakyusa chako kimebaki "ugonile" na "ndaga" tu, na wa Iringa na Njombe mna "kamwene" yenu. Kula ulichopewa, sikiliza habari za waliofariki na za waliojifungua. Siku ya kwanza mi huwa sipigi kabisa, labda mlima. Siku ya pili watu wameshakuzoea, simu wanaiona kama kijiko tu.

Hafu omba. Mwambie ukweli unapiga kwa ajili ya nini, "bibi nataka picha yako niisafishe niiweke ukutani kwangu Mbeya" inafungua milango kuliko "bibi cheka".

2. Futa lenzi, kila mara

Simu inakaa mfukoni na chenji, inashikwa na mikono yenye mafuta ya maandazi. Lenzi yenye mafuta inafanya taa na jua vitoe mistari na picha nzima iwe kama ina moshi. Watu wanafikiri simu imekufa, kumbe ni kufuta tu.

Kwetu kuna la ziada. Tukuyu iko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na ziwa Nyasa liko chini kwenye mita 470 na kitu. Ukitoka Tukuyu asubuhi na baridi yake ukashuka Kyela mpaka Matema, simu bado ni ya baridi na hewa ya kule ni ya joto na unyevu, basi kioo kinashika ukungu uleule unaoushika mtu akitoka nje na miwani. Usipanik na usiweke juani. Iache kwenye begi dakika kumi na tano izoee joto, ndo ufute. Jikoni pia hivohivo, ukitoka nje kwenye baridi ukaingia kwenye mvuke wa sufuria.

3. Jua saa za mwanga wa kwetu

Sisi tuko magharibi zaidi ya Dar, kwahiyo jua letu linachelewa kama dakika 20 na kitu. Desemba linachomoza karibu saa 12 na nusu asubuhi na kuzama saa 1 jioni, Julai linachomoza saa 1 asubuhi na kuzama saa 12 na dakika 40 hivi. Na kama nyumba yenu iko nyuma ya kilima ongeza muda wa jua kuruka kilima.

Saa moja ya kwanza na saa moja ya mwisho ndo dhahabu. Jua liko chini, linapiga uso kwa pembeni, rangi za kila kitu zinakuwa za joto. Kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 10 jioni jua likiwa wazi ni kali, linatoka juu, macho yanakuwa mashimo meusi mawili na pua inaweka kivuli mdomoni. Saa hizo mlete mtu kivulini, kwenye baraza au ukingo wa nyumba, uso wake uangalie kule kwenye mwanga.

KOSA LA KWETU HASA: kumuweka mtu ndani ya migomba. Inaonekana pazuri kwa macho, lakini mwanga unaopita kwenye majani ya mgomba unakuja na ukijani wake na uso wa mtu unatoka kama mgonjwa. Msogeze mpaka kwenye ukingo wa shamba, migomba ibaki nyuma yake na anga liwe mbele yake.

Siku ya mawingu usinung'unike. Mawingu ni kama shuka kubwa limetandazwa juu ya jua, mwanga unakuwa mpole pande zote na nyuso zinatoka vizuri kuliko siku ya jua. Picha zangu nzuri za wazee karibu zote ni za siku za mawingu.

4. Uso utoke, usiwe kivuli

Swali namba moja hili. Sababu fupi: kamera inaangalia picha nzima na kutafuta wastani wa mwanga. Nyuma ya bibi kukiwa na anga jeupe, kamera inaona pamekuwa peupe mno, inapunguza mwanga wote, na sisi ngozi zetu ni nyeusi kwahiyo uso ndo unaozama wa kwanza.

Dawa yake:

a) Geuza. Wewe simama upande anga lilipo, yeye awe na ukuta, mlango au migomba nyuma. Hii peke yake inatibu nusu ya matatizo.

b) Gusa uso wake kwenye kioo cha simu. Kwenye simu nyingi kinatokea kimduara na kialama cha jua pembeni. Buruta kile kijua kwenda juu taratibu mpaka uone ngozi yake ilivyo kweli, anga likichoma kuwa jeupe liache lichome, haukuja kupiga anga.

c) Kama kuna mtu mweusi sana na mtu maji ya kunde kwenye picha moja, gusa yule mweusi, hafu angalia mwenzie hajaungua.

Na tafadhali sana zima ile ya urembo. Simu nyingi zinakuja imewashwa tayari, inasafisha ngozi, inaondoa mikunjo, inamuongezea mtu weupe ambao hajazaliwa nao. Nimeona picha ya mama mkubwa wangu ametolewa mikunjo yote na alama ya kovu alilopata utotoni alipoanguka na mtungi, ile alama tunamjua nayo sote. Yule kwenye picha simjui. Ingia kwenye kamera, tafuta palipoandikwa urembo au pana kialama cha uso chenye vinyota, weka sifuri.

5. Piga watu wakiwa kazini kwao, anza na jikoni

Kusimama wima mikono pembeni piga moja, wazee wanaipenda na ni haki yao. Lakini picha mtakazokuja kuzililia baadae ni zile anafanya kitu alichokuwa anafanya kila siku.

Nitaeleza jikoni kwa bibi mzaa mama, wewe utabadilisha kwa kwenu. Jiko liko nje nyuma ya nyumba, kuta nyeusi kwa moshi wa miaka, mlango mmoja, dirisha hakuna. Ukiingia huoni kitu. Wengi hapo wanawasha flashi, na flashi inafanya uso wa bibi ung'ae kama sahani na nyuma kote giza. Usiwashe. Subiri dakika mbili macho yazoee, utaona mwanga wote unaingia mlangoni na unatua sehemu moja kama mkeka. Muombe bibi asogeze kigoda chake mpaka kwenye huo mkeka, upande wake mmoja uangalie mlango. Wewe usisimame mlangoni mana utaziba mwanga wote, ingia ndani, kaa chini pembeni ya mafiga, mgongo ukutani (nguo itachafuka na masizi, vaa ya kazi).

Hafu muache amenye ndizi. Bibi akimenya ndizi za mbalaga hatumii nguvu, kisu anakipitisha mara moja kwa urefu, anaingiza dole gumba, ganda linatoka zima na linadondoka kwenye ungo. Vidole vimeshika weusi wa utomvu ambao hautoki hata kwa sabuni, mpaka kwenye kucha. Nikasogea nikapiga mikono tu, kisu na ile ndizi nyeupe inayotoka. Hakuna uso kwenye iyo picha, na watoto wa mama wote walivyoiona walijua ni mikono ya nani.

Kwahiyo kwa kila mtu piga tatu: ya mbali inayoonyesha mahali alipo, ya kiunoni kwenda juu anafanya kazi, na ya karibu kabisa ya mikono au kitu chake. Baba mdogo na kibao chake cha kukatia mbao, shangazi na mizani yake ya sokoni, mjomba na redio.

Kwenye mwanga hafifu shika simu kwa mikono miwili, viwiko vibane mbavuni, toa pumzi ndo ubonyeze. Asogee polepole na wewe piga anapotulia, pale kisu kinapofika mwisho.

6. Picha ya ukoo mzima

Hii ipange mapema, sio watu wanaondoka ndo unakimbizana nao. Saa 11 jioni au asubuhi kabla ya kwenda kanisani, wakiwa tayari wamependeza.

Wazee wakae kwenye benchi katikati, watoto wadogo chini mbele yao kwenye mkeka, vijana nyuma wamesimama. Baba na mama wakae jirani na wazazi wao sio kila mtu alipopata, ili mtu akiangalia miaka ijayo asome ukoo ulivyo. Wasiangalie jua, watafumba macho wote, kivulini ndo pake.

Rudi nyuma. Kosa kubwa ni kutumia ile lenzi ya upana iliyoandikwa 0.5 ili watu wote waingie, inavuta watu wa pembeni, shemeji aliyesimama mwisho anatoka mnene na kichwa kimelala. Tumia 1, tembea kwa miguu mpaka wote waingie, acha nafasi kidogo pembeni.

Piga kumi mfululizo. Kwenye watu ishirini lazima kuna aliyefumba macho, kumi zitakupa moja nzima. Ya kumi na moja piga baada ya kusema "haya tumemaliza", pale wanapocheka na kusukumana, mara nyingi ndo bora kuliko zote.

Na wewe uwemo. Tegesha simu kwenye tofali au dumu la maji, weka taimaa sekunde kumi. Miaka mingi mi sikuwepo kwenye picha ya ukoo hata moja kwasababu ndo nilikuwa mpigaji, mama akaniuliza "we ulikuwa wapi?"

7. Mji wenyewe

Mlima kwanza mana ndo swali. Rungwe una mita 2,960 na uko kaskazini mwa mji wa Tukuyu. Unatoka kichuguu kwasababu lenzi ya simu ni pana, inasukuma vitu vya mbali viwe vidogo. Rudi mbali zaidi, hafu vuta 2 (usivute mpaka 10, inachuja), na weka kitu mbele kinachojulikana ukubwa wake: bati la nyumba, mtu anapita na mkungu kichwani, mistari ya chai kule Katumba. Mlima utakua wenyewe. Nenda asubuhi, mchana mawingu yanapanda yanakaa kileleni na unaweza usiuone tena mpaka jioni.

Wa Mbeya mjini, Loleza nao uko kaskazini mwa mji. Desemba jua la kwetu linapita upande wa kusini, kwahiyo linaupiga mlima usoni na unatoka kijani wote. Juni na Julai linapita kaskazini, unapiga kuelekea jua, mlima unakuwa kivuli cha bluu, basi hapo nenda mapema sana au jioni jua likiwa pembeni. Wa Iringa pandeni jiwe la Gangilonga jioni, mji wote uko chini yenu. Na ukienda hifadhi ya Kitulo nenda kipindi cha mvua maua yanapochanua, Agosti utakuta nyasi.

Daraja la Mungu na Kijungu kwenye mto Kiwira ni pazuri kweli, lakini kila mtu anazo. Mi ningekuomba upige vitu ambavyo hakuna anayevipiga kwasababu viko kila siku. Stendi na makondakta. Ndizi zikipakiwa kwenye fuso, mikungu imepangwa kama matofali. Duka la mzee wa pale njia panda na kibao chake cha kuandika kwa mkono. Njia ya kwenda shule uliyosoma. Mabati yenye kutu. Nilikuwa na picha moja tu ya barabara ya kwenda kwetu ikiwa bado ya udongo, niliipiga kwa bahati mbaya najaribu simu, baadae wakachonga barabara na ile miti mikubwa yote ikaondoka. Ndo picha watu wa kijijini wanayoiomba kuliko zote nilizonazo.

ANGALIZO: kambi za jeshi, vituo vya polisi, magereza na sehemu za ulinzi usipige, hata kama ni mlima umependeza nyuma yake. Ofisi za serikali uliza kwanza. Sokoni muombe muuzaji, ukimnunulia nyanya za buku mnakuwa marafiki. Watoto wa watu usiwapige bila mzazi wao kujua. Na msibani usitoe simu mpaka wenye msiba wakuombe.

8. Picha za zamani zilizoko kabatini

Kila nyumba ina albamu au bahasha ya kaki. Hizi zinakufa taratibu kwa unyevu, na kwetu unyevu ni mwingi. Omba ruhusa uzipige upya hapohapo, usiombe kuondoka nazo, hata mi nikiwa na albamu yangu nisingekupa.

Weka picha juu ya meza karibu na mlango au dirisha, kwenye kivuli sio juani, juu ya khanga ya rangi moja. Simama juu yake simu ikiwa imelala sambamba kabisa na picha, washa gridi ikusaidie mistari. Flashi zima. Ukiona mng'ao, zungusha meza, au mtu asimame na nguo nyeusi upande unaotoka mng'ao. Kama picha imeganda kwenye plastiki ya albamu USIIVUTE, itaacha uso wa mtu kwenye plastiki. Piga hivohivo na plastiki yake.

Piga na nyuma. Mara nyingi nyuma kuna maandishi, mwaka, muhuri wa studio, "kwa mpendwa dada".

9. Andika majina siku hiyohiyo

Daftari ndo kazi yake hii. Kwa picha ya kundi andika kutoka kushoto kwenda kulia, mstari wa nyuma kwanza. Jina kamili, anaitwaje nyumbani, ni mtoto wa nani. Kwenye picha za zamani kaa na bibi, muoneshe moja moja, uliza huyu nani, hapa ni wapi, nani alipiga. Weka simu nyingine irekodi sauti wakati anaongea. Tulikuta picha ya vijana wanne wamevaa suruali pana, bibi akamtaja mmoja mmoja na wa mwisho akanyamaza kidogo, akasema huyu ni mdogo wangu alienda Zambia hakurudi. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua bibi ana mdogo wake.

10. Hifadhi sehemu tatu, hafu safisha

Simu inaibiwa, inadondoka mtoni, inazima. Niliwahi kupoteza picha za Krismasi mbili kwa simu moja iliyoingia maji. Kwahiyo: moja ibaki kwenye simu, moja kwenye flashi au memori kadi iliyoko nyumbani, moja kwenye Google Photos au Drive ukipata waifai. Fanya ukiwa bado na hamu, wiki hiyohiyo.

Kutuma kwa ndugu kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, sio kama picha, mana ukituma kawaida inaibana na aliyeipokea akitaka kuikuza inachuja.

Mwisho peleka studio usafishe. Chagua kumi tu, postikadi, na mbili za A4. Bibi hana simu ya kuingia kwenye galari yako. Waambie wasiongeze weupe kwenye nyuso, waambie mara mbili na uangalie kwenye kompyuta yao kabla hawajatoa. Usiweke kwenye fremu ikiwa na unyevu, na ukutani usiitundike inapopigwa na jua la mchana, inafifia.

Ikigoma

*Picha zinatoka zimetikisika.* Mwanga hautoshi au umebonyeza kwa nguvu. Sogea mlangoni, egemea ukuta, au tumia kitufe cha sauti kupigia.

*Rangi zimekuwa za njano ndani ya nyumba.* Umechanganya taa na mwanga wa dirisha. Zima taa.

*Mvua imeshika siku zote tatu.* Piga mvua. Simama barazani, piga maji yakidondoka kutoka kwenye bati kuingia kwenye pipa, watoto wamejifunika jani la mgomba. Ndo Tukuyu yenyewe hiyo.

*Ukungu umefunika kila kitu.* Usipige mbali, piga karibu. Mti mmoja, mtu mmoja anakuja njiani. Buruta kijua juu kidogo, la sivyo ukungu mweupe unatoka wa kijivu.

*Kila mtu anaweka pozi.* Piga hizo pozi kwanza, nyingi, mpaka wachoke. Ndo uanze.

*Simu imejaa katikati ya kazi.* Usifute picha za leo kwa haraka. Futa video, futa programu, hafu endelea.

*Bibi anakataa kupigwa.* Usilazimishe, na usimpige kwa kumuibia. Uliza kwanini. Wa kwangu alikataa siku nzima, nikadhani ni imani zake, kumbe alikuwa amevaa kitenge cha shambani na anaona aibu. Nilivyomuuliza aliingia ndani, akakaa kama nusu saa, akatoka na kitenge cha harusi ya mama na kilemba kipya, akakaa mwenyewe kwenye kigoda mlangoni. Nilivyompelekea ile iliyosafishwa aliishika mbali na macho, akaangalia sana, akasema kilemba kimekaa upande turudie. Tumerudia mara tatu. Zote tatu ziko ukutani sebuleni, pembeni ya ile ya babu.